Maswali ya Wasomaji: Mvinyo wa Wakulima Wadogo wa Ulaya

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi na mke wangu hununua mvinyo katika supamaketi za hapa Nairobi, na tumechoka kukutana na majina yaleyale kwenye kila rafu. Tunasikia kwamba Ulaya wako wakulima wadogo wanaotengeneza mvinyo usiofanana na mwingine. Tutawatambuaje kwa kuitazama chupa tu, na tuanze na upi? – Msomaji, South B.

JIBU: Ndugu msomaji, igeuze chupa kwanza. Lebo ya mbele hupambwa ili ikuvutie, lakini habari unayoitafuta mara nyingi imeandikwa kwa herufi ndogo upande wa nyuma, nayo hueleza ni nani aliyeutia mvinyo chupani na wapi. Shampeni ndiyo yenye alama zilizo wazi zaidi. Karibu na namba ya usajili utaona herufi mbili: RM ni mkulima anayetengeneza shampeni kwa zabibu za mashamba yake mwenyewe, na NM ni kampuni inayoweza kununua zabibu kutoka kwa wakulima wengi, na majina makubwa unayoyaona katika hoteli zetu karibu yote yamo humo. Kwa mvinyo mwingine wa Ufaransa, tafuta maneno “mis en bouteille au domaine”, na kwa wa Ujerumani neno “Gutsabfüllung”. Yote mawili yanakuhakikishia kwamba mvinyo umetiwa chupani na wenye shamba.

Hata hivyo, udogo peke yake si sifa. Mvinyo huwa wa pekee pale ambapo aina ya zabibu, udongo na kazi ya mkulima vimeshikamana kiasi kwamba huwezi kuvihamishia kwingine, na ningependa uanze na mifano mitatu ya namna hiyo.

Wa kwanza ni mvinyo mweupe wa zabibu ya Assyrtiko, wa kisiwa cha Santorini, Ugiriki. Mvua ni haba na upepo ni mkali, kwa hiyo wakulima huyasokota matawi ya mzabibu yakawa kikapu kilicholala chini, na vichala hukua ndani yake vikiwa vimekingwa na upepo pamoja na jua. Mdudu wa filoksera, aliyetoka Marekani na kuangamiza mizabibu ya Ulaya kuanzia miaka ya 1860, hakuweza kustawi katika udongo ule wa volkano, na ndiyo sababu mizabibu ya huko ingali inasimama kwenye mizizi yake yenyewe badala ya kupandikizwa kwenye shina la Kimarekani linalomstahimili mdudu huyo. Ni mvinyo mkavu, wenye uchachu wa ndimu na ladha inayokaribia chumvi. Unywe na tilapia wa kukaanga.

Wa pili ni wa zabibu ya Ramisco ya Colares, karibu na Lisbon, Ureno, inayoota kwenye mchanga kando ya Bahari ya Atlantiki. Mchanga huo nao ulimshinda mdudu yuleyule. Mvinyo huu ni mwekundu, wenye ukakasi ungali mpya, na huhitaji miaka kadhaa ili utulie. Sehemu kubwa ya kazi ya kuuhifadhi imefanywa na chama cha ushirika kilichoanzishwa mwaka 1931, kwa hiyo usiikatae chupa kwa kuwa tu imeandikwa jina la ushirika.

Wa tatu ndio niupendao kuliko yote: vin jaune, yaani “mvinyo wa manjano”, wa Jura, mashariki mwa Ufaransa. Zabibu ya Savagnin ikishachachuka, mvinyo wake huachwa katika pipa ambalo halijazwi tena kadiri unavyopungua, na utando mwembamba wa chachu hujitandaza juu yake na kuukinga usiharibiwe na hewa, ingawa kidogo huupenya. Sheria inataka ukae zaidi ya miaka sita kabla ya kuuzwa, tena katika chupa ya sentilita 62, ambayo husemwa kuwa ndiyo kiasi kinachobaki cha lita moja baada ya muda huo. Hunukia kokwa za jozi (walnut) na viungo. Wenyeji huupikia kuku, na mimi nasema bila kusita kwamba unapatana vizuri na kuku wa nazi.

Usitegemee kuzikuta chupa hizi supamaketi. Nenda kwa duka la mvinyo linaloagiza lenyewe, umtajie muuzaji jina la zabibu na la eneo, na umuulize mtengenezaji ni nani. Muuzaji asiyeweza kukujibu hilo hajaijua bidhaa yake.

SWALI: Chupa ikishafunguliwa hukaa siku ngapi? – Msomaji, Umoja.

JIBU: Ifunge vizuri na uiweke kwenye friji, hata ikiwa ya mvinyo mwekundu; mvinyo wa kawaida utanyweka kwa siku mbili au tatu. Vin jaune tuliyoitaja hapo juu hustahimili wiki kadhaa, kwa kuwa imekwisha kuzoea hewa tangu ikiwa pipani.