Tajiri wangu ndiye aliyenifundisha ufundi: je, ninamkosea nikiondoka gerejini kwake?

SWALI: Assalaamu alaykum, Shekhe. Mimi ni fundi wa magari hapa Arusha, katika gereji moja ya eneo la Unga Limited ambayo kazi yake kubwa ni magari ya utalii. Niliingia hapo nikiwa kijana wa kushika spana na sasa ninatimiza mwaka wa 19. Mzee mwenye gereji, ambaye ni Mkristo, ndiye aliyenifundisha kazi, na hata nilipooa alinisaidia. Nimejaliwa kupata kiwanja Ngaramtoni na ninataka kufungua gereji yangu, lakini nafsi inanisuta kwamba nitaonekana sina fadhila. Isitoshe, wakati wa korona mwaka 2020, watalii walipokatika, hatukulipwa mishahara ya miezi miwili. Mzee anakiri deni hilo, ila hajalilipa. Fundi mwenzangu ananishauri nibebe vifaa vya gereji vyenye thamani hiyo ili nijilipe mwenyewe. Madereva kadhaa nao wameniahidi kwamba watanifuata huko niendako. Nifanye nini?

JIBU: Wa alaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba zake.

Ndugu muulizaji, nitaanza na lile ninaloona limekunyima usingizi kuliko mengine, yaani kuogopa watu wasije wakasema juu yako kwamba fadhila za punda ni mateke.

Katika Surat al-Qasas, Mwenyezi Mungu anatusimulia habari za Nabii Musa, amani iwe juu yake, alipofika Madyan akiwa mkimbizi asiye na chakula wala mwenyeji. Mzee mmoja mwema alimpa hifadhi, akamwambia kuwa anataka kumwoza mmoja wa binti zake wawili kwa sharti la kumtumikia miaka minane, na kwamba akitimiza kumi, ziada hiyo itakuwa ni hiari yake. Ukiupima wema huo, utaona kuwa Musa alifadhiliwa kuliko ulivyofadhiliwa wewe, kwa sababu yeye alipewa usalama, kazi na mke kwa mkupuo mmoja. Hata hivyo jibu lake, katika aya ya 28, lilikuwa na maana ya kwamba muda wowote kati ya hiyo miwili atakaoutimiza, asifanyiwe uadui kwa ajili hiyo. Zingatia kwamba maneno hayo aliyasema siku ya kuingia kazini, wala mzee hakuyaona kuwa ni utovu wa adabu. Aya inayofuata inaeleza kuwa Musa alipoutimiza muda, alisafiri na ahali zake. Basi wema wa mwajiri ni deni la shukrani, lakini hauigeuzi ajira kuwa ndoa isiyo na talaka, na mwenye kuondoka kwa haki hana dhambi hata kama ataacha pengo.

Sahaba Ibn Abbas, Mwenyezi Mungu amridhie, aliulizwa ni upi kati ya miaka minane na kumi ambao Musa aliutimiza, naye alijibu, kama alivyopokea Bukhari, kwamba alitimiza ule ulio mwingi zaidi na mwema zaidi. Hapo ndipo shukrani inapoonekana: Musa hakubaki Madyan maisha yake yote, bali aliongeza juu ya lile lililokuwa wajibu wake kabla ya kuondoka.

Wewe hukutuambia kama mlikuwa na mkataba wenye muda, na ninavyozifahamu gereji zetu, nadhani hamkuandikiana chochote. Pasipokuwa na sharti la wazi, wanazuoni hurejea kwenye ada, yaani desturi ya watu, kwa kanuni kwamba linalojulikana kwa ada ni kama lililowekwa sharti. Kwetu Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka anayelipwa kwa mwezi atoe taarifa ya maandishi ya siku zisizopungua 28. Usiichukulie hiyo kuwa ni karatasi ya serikali tu, kwa sababu Mtume, rehema na amani zimshukie, amesema katika hadithi iliyopokewa na Abu Daud na Tirmidhi kwamba Waislamu hufungwa na masharti yao. Unapofanya hesabu zako, usikitegemee sana kiinua mgongo, kwa kuwa sheria hiyo imekiweka kwa yule anayeachishwa kazi na mwajiri. Malipo ya likizo uliyostahiki na hati ya utumishi ni haki zako, na kuzidai si ukorofi.

Hata hivyo, siku 28 ndicho kiwango cha chini. Kila mtu wa Arusha anajua kwamba masika, yaani kuanzia Machi hadi Mei, ndipo magari ya utalii huingia gereji kwa wingi, yakafunguliwa boksi na difu, yakabadilishwa springi, ili ifikapo Juni yawe tayari kwa safari za Serengeti na Ngorongoro. Fundi mkuu akiondoka katikati ya Mei, huku injini iliyofunguliwa kwa mkono wake imetandazwa mezani na hakuna mwingine anayejua kipi kilitoka wapi, huyo amemdhuru mwajiri wake, amemdhuru mwenye gari, na huenda akawadhuru abiria wasiomjua, ilhali Mtume amekataza kudhuru na kulipiza madhara. Kwa hiyo kila gari ulilolifungua wewe, lifunge wewe, au umkabidhi mwenzako huku ukimwonyesha kila kitu. Magari yatakayoingia baada ya taarifa yako, hulazimiki kuyabeba. Kama unaweza kusubiri hadi msimu uanze, basi huo ndio muda wa Musa ulio mwema zaidi, lakini sikuwajibishi.

Suala la vifaa linahitaji maelezo zaidi, kwa sababu ushauri wa mwenzako una sura ya haki. Anayeutetea anaweza kuleta hadithi ya Hind bint Utba, aliyemshitakia Mtume kwamba mumewe Abu Sufyan hampi matumizi ya kutosha, akaruhusiwa kuchukua katika mali yake kiasi cha kumtosha yeye na watoto wake kwa wema. Kutokana na hadithi hiyo, baadhi ya wanazuoni, wakiwemo wa madhehebu yetu ya Shafi, wameruhusu mwenye haki kujichukulia, lakini wameweka masharti, kama vile mdaiwa awe analikana deni au anakataa kulilipa na mdai awe hana njia nyingine. Mzee wako anakiri deni. Kubeba spana na jeki zake usiku ni kuchukua kwa siri kile ambacho hakikatazwi kudaiwa mchana, na tena vifaa hivyo umekabidhiwa uvitumie, navyo ni amana. Mtume amesema, katika hadithi iliyopokewa na Abu Daud na Tirmidhi, kwamba umrudishie amana aliyekuamini, wala usimhini aliyekuhini. Naye huyu hata hajakuhini.

Umetaja dini yake, na nadhani ulitaka kujua kama hukumu inabadilika. Haibadiliki. Mtume alipotoka Makka kwenda Madina, alikuwa anawakimbia watu waliopanga kumuua, na bado walikuwa wameweka amana zao kwake. Wapokezi wa sira, yaani historia ya maisha ya Mtume, wanaeleza kwamba alimwacha Ali, Mwenyezi Mungu amridhie, abaki nyuma siku tatu ili amrudishie kila mtu chake. Ikiwa washirikina waliotoa panga walirudishiwa amana zao, itakuwaje kwa mzee aliyekushika mkono ulipooa? Tenganisha basi vifaa vyako na vya gereji mbele yake. Kile msichokumbuka kilinunuliwa na nani, kwa kuwa miaka 19 huchanganya mambo, mwachie.

Mishahara yako ya miezi miwili ni haki yako kamili, na Mwenyezi Mungu atakuwa hasimu wa mwajiri aliyepata kazi yote asimlipe mfanyakazi ujira wake. Muombe deni liandikwe, kwa tarehe na mashahidi, kama Surat al-Baqara inavyoamrisha katika aya ya 282. Akiwa kweli hana, aya ya 280 inataka apewe muda, na kusamehe kumetajwa kuwa bora, ila usisamehe kwa haya halafu ukaenda kulalamika vijiweni.

Kuhusu madereva, tofautisha kabla na baada ya kuondoka. Maadamu unalipwa kwa mwezi, saa zako za kazi ni za mwajiri, na kuzitumia kuwaita wateja wake waje Ngaramtoni ni hiyana. Kazi ambayo gereji imekwisha kukubaliana na mteja usiivute kwako kwa bei ya chini, kwa sababu Mtume amekataza mtu kuuza juu ya uuzaji wa nduguye. Ukishatoka, ujuzi ni wako, na mteja atakayekuja kwa hiari yake umpokee bila wasiwasi. Vijana wanaojifunza chini yako usiwachomoe.

Umeswali istikhara? Iswali, lakini usikae ukingoja ndoto kama wengi wanavyodhani. Istikhara ni kuomba kheri kisha kuendelea na jambo, likifunguka au likifungika.

Kisha nenda kwa mzee kabla madereva hawajamfikishia habari, maana Unga Limited hakuna siri inayokaa wiki. Nenda jioni, gereji imefungwa na mikono imenawiwa, na barua yako mfukoni. Mwamkie kama unavyomwamkia siku zote, mshukuru kwa ufundi aliokupa, mwambie tarehe, ndipo umpe barua. Akighadhibika, usimjibu siku hiyo, na kesho yake ufike kazini saa ile ile ya kila siku.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.