Jibu: Chakula cha mchana Central, Hong Kong, bila nguruwe

Habari ndugu. Nimekuelewa: mikutano yako iko Central, saa saba mchana kila mgahawa wa Kikantoni wa bei nafuu umefurika, na nguruwe huli.

Kwanza angalia saa. Foleni hukaza kuanzia saa sita na nusu hadi saa nane, maofisi yote yanaposhuka kula. Ukiwahi saa tano na nusu utapata kiti bila kusukumana. Ukikuta msongamano, muoneshe mhudumu kidole kimoja kwamba uko peke yako. Atakupachika kwenye meza ya watu usiowajua. Kaa tu, ndiyo kawaida yao. Ukimaliza, beba kikaratasi cha bili ukalipe kaunta.

Hujasema kama unaepuka nguruwe tu au unataka halali kamili, na hapo ndipo penye uzito. Kuku wa mchuzi wa soya juu ya wali ni mtamu kwelikweli, lakini mara nyingi hukatwa kwa panga lilelile, kwenye gogo lilelile lililotoka kukatiwa char siu, ambayo ni nguruwe. Ukimtazama mpishi pale kwenye kioo utaona mwenyewe.

Kama ni halali, panda treni hadi Wan Chai, vituo viwili tu. Ndani ya Msikiti wa Ammar, barabara ya Oi Kwan, ghorofa ya tano, kuna kantini yenye dim sum halali, yaani vile vitafunwa vidogo vya Kikantoni. Anza na zile za kamba. Ijumaa usiende baada ya swala, hujaa sana.