Kuhama Windows 10 kwenda Linux Mint kwenye laptopi ya nyumbani: usifute kitu kabla hujajaribu

Mkuu, nimekuelewa hivi: una HP EliteBook 840 G3 ya mtumba, RAM 4GB, diski ya kuzunguka ya 500GB, na Windows 10 ambayo Microsoft waliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025. Fundi anataka akupigie Windows 11 kwa njia za panya. Nyumbani mnaitumia kuandika, kuprinti, kuangalia YouTube, na watoto wanasomea. Unauliza kama Linux, yaani mfumo wa bure unaokaa badala ya Windows, itawafaa, na uanzie wapi. Ninayokupendekezea ni aina yake iitwayo Linux Mint.

Itawafaa. Prosesa yako ni Intel kizazi cha 6, na Windows 11 rasmi inataka kizazi cha 8 kwenda juu pamoja na TPM 2.0 (kichipu cha usalama cha kutunza funguo). Kuilazimisha inawezekana, ila sasisho lolote kubwa linaweza kugoma kuingia, na hapo unarudi kwa fundi. Linux haina ugomvi na mashine ya umri huo. Wengi wanaoshindwa wanashindwa kwa kufuta diski kwanza, halafu ndipo wanauliza kama printa itakubali. Kwa hiyo tuanze na vyuma.

Nunua SSD (diski isiyozunguka) ya SATA ya inchi 2.5, 240GB inatosha kabisa. Ongeza kipande cha RAM aina ya DDR4 SODIMM, 4GB au 8GB. G3 ina nafasi mbili. Pesa ikitosha kitu kimoja tu, chukua SSD. Diski ya kuzunguka ndiyo inayofanya mashine hizi zionekane zimechoka, na Linux haitaiponya. Kisha toa diski ya zamani na Windows yake kama ilivyo, iweke kwenye kasha la USB. Hapo una vitu viwili kwa mpigo: mafaili yako yote yapo, na ukijuta unairudisha ndani na maisha yanaendelea. Betri ya G3 iko ndani, kwa hiyo ukifungua mfuniko wa chini chomoa kebo ya betri kabla hujagusa kingine. Picha za familia na vyeti vinakili pia sehemu ya tatu, maana diski ya zamani inaweza kufa siku yoyote.

Kuweka mifumo miwili kwenye diski moja sikushauri kwa mtu anayeanza. Windows ikisasishwa inaweza kujirudisha mbele kwenye mpangilio wa kuwaka, na saa itakuwa inapotea saa 3 kamili kila ukihama mfumo, kwa sababu Linux huiweka saa ya ubao kwa UTC (saa ya kimataifa) na Windows huiweka kwa saa za hapa kwetu. (Aliyekwisha kufanya hivyo: amri `timedatectl set-local-rtc 1` ndani ya Linux inamaliza tatizo la saa.)

Kabla hujachomoa diski, fungua Command Prompt ya Windows kama msimamizi na ufanye mambo mawili. Andika `powercfg /h off`, kisha zima mashine kabisa. Usipofanya hivyo Windows hulala nusu badala ya kuzimika, na ukija kuifungua diski ile kutoka Linux itasomeka tu bila kuandikika, au itakataa kabisa. Halafu andika `manage-bde -status`. Ikionyesha diski imefungwa kwa BitLocker (kufuli la diski la Windows), tafuta ule ufunguo wa tarakimu 48 kwenye akaunti ya Microsoft na uuandike kwenye karatasi. Bila huo, diski uliyoiweka kabatini ni chuma tu.

Sasa Mint yenyewe. Chukua toleo la 22, linalohudumiwa hadi 2029. Limejengwa juu ya Ubuntu 24.04 (Linux nyingine), lakini halikulazimishi vifurushi vya snap, ambavyo ni vizito na vinakula bando. Mint ina sura kadhaa za kuchagua: RAM ikibaki 4GB chukua Xfce, iliyo nyepesi. Ikifika 8GB chukua Cinnamon, inafanana zaidi na alichozoea mtu wa Windows. Faili lina karibu 3GB. Lipakue kwa torenti: umeme au mtandao ukikatika linaendelea lilipoishia, na linajihakiki lenyewe. Ukilipakua kwa brauza, lihakiki kwa `certutil -hashfile jina-la-faili.iso SHA256` na ulinganishe na namba iliyo kwenye tovuti ya Mint. Faili lililokatika katikati ndilo linaloleta makosa ya ajabu usakinishaji ukifika asilimia 80, kisha lawama zinakwenda kwa Linux.

Liandike kwenye flashi ya 8GB au zaidi kwa programu ya Rufus au balenaEtcher. Jihadhari na flashi za barabarani zinazojitangaza 64GB wakati ndani kuna 4GB; zinaandika bila kulalamika, kusoma ndiyo zinashindwa.

Kwenye HP yako, washa huku unagonga Esc, kisha F9 uchague flashi. Kwanza lakini ingia F10 uzime Secure Boot (ulinzi unaokagua mfumo kabla haujawaka). HP itakuonyesha tarakimu 4 kwenye kioo, ziandike upige Enter, la sivyo haitakubali mabadiliko. Mint inawaka hata Secure Boot ikiwa imewashwa, ila ukihitaji draiva ya ziada utaletewa skrini ya buluu ya kusajili ufunguo baada ya kuwasha upya. Wengi wanaipita kwa haraka, draiva haipakiki, Wi-Fi haionekani.

Mint itawaka kutoka kwenye flashi bila kugusa diski. Hapo tumia nusu saa nzima. Unganisha Wi-Fi, cheza video yenye sauti, jaribu kamera, punguza mwanga wa kioo, funga mfuniko na uufungue uone kama inaamka, chomeka modemu na printa. Kisoma alama za vidole usikitegemee. Kioo kikibaki cheusi, washa upya na uchague hali ya "compatibility mode" kwenye orodha ya mwanzo. Wi-Fi isipoonekana huenda kadi ni ya Broadcom. Chomeka simu kwa waya, washa USB tethering (kugawa intaneti ya simu), Mint itaichukua kama mtandao wa waya, kisha fungua Driver Manager.

Ukiridhika, bonyeza ikoni ya kusakinisha. Kwenye ukurasa wa diski, soma ukubwa kabla ya kukubali: SSD ya 240GB inaonekana kama 223 hivi kwenye programu zinazohesabu kwa njia nyingine, usishtuke. Flashi na diski ya zamani zisiwe na nafasi ya kuchanganywa. Ile ya zamani iwe imechomolewa kabisa. Weka tiki kwenye kodeki za media. Laptopi ikitoka nje ya nyumba, chagua pia usimbaji wa diski, ila nywila ukiisahau hakuna wa kukuokoa.

Baada ya kuwaka, watu wa bando wasome hapa. Sasisho la kwanza linaweza kufika mamia ya MB, lifanye kwenye Wi-Fi ya ofisini au usiku kwenye bando la bei nafuu. Kwenye Software Manager programu nyingi zina namna mbili: kifurushi cha mfumo na Flatpak. Chagua cha mfumo kila kinapokuwepo. Flatpak ya kwanza huburuta misingi yake, na programu ndogo inageuka upakuaji wa karibu 1GB. Timeshift, programu ya kuweka nakala za kurudisha mfumo, iwashe, lakini nakala 2 za kila wiki zinatosha. Ukiiacha iweke za kila siku kwenye SSD ndogo, itajaa kimya kimya hadi siku utakapoingiza nywila na kurudishwa palepale kwenye dirisha la kuingia.

Maandishi: LibreOffice inakuja nayo. Malalamiko ya "Word imevuruga kurasa zangu" karibu yote ni fonti. Fungua terminali (dirisha la kuandika amri) uendeshe:

`sudo apt install ttf-mscorefonts-installer fonts-crosextra-carlito fonts-crosextra-caladea`

Carlito na Caladea zina upana uleule wa Calibri na Cambria, kwa hiyo mistari inakatika palepale. Katikati itatokea skrini ya masharti, na kipanya hakifanyi kazi pale: bonyeza Tab hadi kwenye OK, kisha Enter. Weka LibreOffice ihifadhi kwa docx moja kwa moja, na CV tuma kwa PDF. Mwenye faili za Excel zenye makro nzito asijidanganye, nyingi zitagoma. Abaki na Windows kwa kazi hiyo.

Printa za HP nyingi zinakubali, ila LaserJet P1102 na ndugu zake zinataka uendeshe amri ya `hp-plugin` kwanza. Epson za mfululizo wa L hazina taabu. Canon LBP2900 ni kichwa maumivu, na kama ndiyo unayo, ijaribu kabla ya kuamua lolote. WhatsApp haina programu rasmi ya Linux, tumia web.whatsapp.com, na kifaa cha Web Apps kilichomo ndani ya Mint kitakutengenezea ikoni yake. Modemu ya USB haihitaji ile programu yake ya .exe, ingiza APN tu (jina la lango la intaneti la kampuni ya simu) kwenye mipangilio ya mtandao.

Flashi ikirudi kutoka stationery na kile kirusi cha shortcut, kwenye Mint utayaona mafaili yako halisi pamoja na takataka. Futa takataka kabla hujaichomeka kwa mtu wa Windows, maana wewe hakikudhuru lakini yeye kitamdhuru.

Ukibaki na 4GB, `sudo apt install zram-config` (inabana data ndani ya RAM) inasaidia, na tabo za brauza zisizidi kumi.

Ukikwama, andika `inxi -Fxz` kwenye terminali ubandike matokeo hapa. Hiyo z inaficha anwani na namba za mashine, usiiache.