Mlingoti wa jahazi na kelele za anga: kwa wanaoanza

Anayeanza albamu ya kelele za kielektroniki hukimbilia kurundika: sinta (sintesaiza) tatu, mwangwi juu ya mwangwi, mpaka yote yawe ukungu. Sauti ya anga, yaani ambient, ile inayokuzunguka kama mazingira, haipatikani hivyo. Shika chanzo kimoja chenye uhai, ukivute mpaka kisitambulikane.

Chanzo kipo bandarini Malindi. Mlingoti wa jahazi hulia na kamba hukwaruza kapi, ila maiki ya kawaida itakuletea upepo tu. Tafuta piezo, kile kisahani cha milimita 27 kilichomo kwenye vifaa vinavyolia pii-pii. Fundi redio atakilehemu kwenye waya wenye ngao, mita 2 zatosha. Mwombe nahodha ruhusa, kisha ukibane kwenye mti kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli. Gundi usitie, si mali yako.

Hapa wengi hupotea. Ukikichomeka kwenye tundu la kawaida la miksa, lenye ukinzani wa kama kilo-omu 10, besi inakwenda. Kisahani chenye uwezo wa kuhifadhi chaji wa nanofaradi 20 kikikutana na ukinzani huo, kila kilicho chini ya hezi 800 hufifia, ukabaki na mlio wa kopo. Tundu la gitaa lenye mega-omu 1 huushusha mpaka huo hadi hezi 8. Watu huilaumu piezo bure.

Rekodi kwa kilohezi 96, biti 24, vilele visipite desibeli -12. Kisha icheze rekodi kwa kasi iliyopunguzwa mara 4: sauti hushuka okteva 2, na kilichokuwa kilohezi 40, ambacho sikio halikisikii, huteremka hadi 10. Ungerekodi kwa 44.1, juu ya kilohezi 5.5 pangekuwa patupu, kama sauti iliyofunikwa blanketi.

Sasa mzunguko, yaani sauti ya miksa kurudishwa ndani ya miksa yenyewe. Toa waya kwenye tundu la AUX la kutolea (njia ya pembeni ya kupeleka sauti nje ya miksa), upitishe kwenye kifaa cha mwangwi wa milisekunde 400, uurudishe chaneli ya 2. Fungua kitasa cha AUX cha chaneli hiyohiyo polepole mpaka miksa iimbe yenyewe. Vitasa vya besi na trebo ndivyo vitakavyochagua noti. Kisha rekodi ya mlingoti, iliyo chaneli ya 1, ipenyeze kidogokidogo. Kabla ya yote zima zile volti 48 ambazo miksa hupeleka kwenye maiki, na vua hedifoni kila unapogusa kitasa, maana mlio hupanda ghafla. Acha rekoda iende muda wote: kitasa kikisogea unywele, noti hiyo huipati tena.

Mvumo wa umeme? Chomeka vifaa vyote kwenye ekstensheni moja, utapungua. Ukibaki, utumie. Umeme wetu ni wa hezi 50, juu ya G ya hezi 49 kwa kama theluthi ya nusu toni. Ukipiga udi, ile ala ya nyuzi, pandisha nyuzi zake kiasi hicho, mvumo uwe ndio besi yake.

Ukiongeza maiki ya kawaida na adhana ikaingia, kata kipande hicho. Kuipotosha ni kuukosea mji.

Usiku huohuo futa jeki kwa spiriti. Chumvi ya bahari ikishika, utasikia mikwaruzo usiyoitengeneza, nayo haipendezi hata kwenye albamu ya kelele.