Siku tano Bangkok: fuateni maji, mkwepeni mzee nadhifu

Mkuu, umeuliza kama siku tano za Bangkok na shemeji zinatosha, na kama mtapata chakula cha halali. Zinatosha, na halali ipo. Ila kabla ya yote, tafuteni kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Thailand wanaidai kwa anayetoka Tanzania, na pale uwanja wa ndege wa Suvarnabhumi kuna dawati la afya la kupitia kabla ya uhamiaji. Mimi sikuliona. Nikapanga foleni ya uhamiaji weee, kufika dirishani nikarudishwa dawati la afya, kisha nikaanza tena mkiani.

Kama mizigo si mingi, achaneni na teksi. Treni ya uwanja wa ndege inawafikisha Phaya Thai kwa baht 45 (baht ndiyo fedha ya Thailand), hapo mnabadilisha na kupanda BTS, treni ya juu. Foleni za magari za kule zitakufanya uikumbuke Ubungo kwa mapenzi.

Mji ule niliuelewa siku nilipoingia kwenye maji. Kuna mfereji unaitwa Khlong Saen Saep, unatokea mashariki, unapita katikati ya maghorofa hadi Phanfa, jirani na mji mkongwe. Boti zake ni daladala tupu. Chombo kinagusa gati, watu wanaruka ndani, wengine wanaruka nje, kimeshaondoka. Konda kavaa helmeti na anatembea nje, juu ya ukingo wa boti, huku kashika kamba, anakusanya nauli kwa mwendo ule ule. Mkifika kwenye daraja la chini, paa linashushwa na yeye anainama. Abiria wa pembeni wanavuta kamba kuinua turubai ili maji yasiwarukie. Ukikaa pembeni kazi hiyo ni yako, na ukizubaa jirani yako atakukumbusha kwa macho. Maji yenyewe ni meusi na yana harufu, sikufichi. Nauli ni baht chache tu.

Mto Chao Phraya ndio mkubwa. Pandeni boti ya bendera ya rangi ya chungwa, ndiyo ya wenyeji. Ya bluu ni ya watalii na bei yake iko juu. Shukeni gati la Tha Tien. Hapo kuna hekalu la Wat Pho, lenye sanamu ya Buddha aliyelala, urefu wa mita 46, nyayo zake zimenakshiwa kwa magamba ya chaza yanayong'aa. Kisha vukeni kwa kivuko hadi hekalu la Wat Arun. Kwa mbali mnara wake unaonekana wa jiwe tu. Sogea: ni vipande vya sahani na vyungu vya Kichina, vimepachikwa vikawa maua. Nilikumbuka yale makaburi ya Kunduchi yenye nguzo zilizopachikwa bakuli za Kichina, nikabaki nimesimama pale mpaka jua linaanguka.

Kasri la mfalme ni baht 500 kwa mgeni, na lazima mabega na magoti yafunikwe. Huko ndiko nilikoliwa. Mzee mmoja nadhifu, Kiingereza safi, akaniambia kasri limefungwa mpaka saa nane, kuna ibada. Akaniitia tuk-tuk, yaani bajaji, baht 20 anizungushe mahekalu matatu. Hekalu la pili likageuka duka la vito. Muuzaji akatandaza kitambaa cheusi, akasema nina bahati, ana jiwe adimu kutoka Afrika. Tanzanite! Nikamuuliza linachimbwa wapi. Akasema juu ya mlima Kilimanjaro. Nikatoa pasipoti nikaiweka kando ya jiwe lake. Akacheka, akashusha bei nusu. Dereva aliponiona natoka mikono mitupu akawasha, akaniacha hapo hapo juani. Niliporudi kasri, watu walikuwa wanaingia, na wala halikuwa limefungwa tangu asubuhi.

Chakula sasa. Karibu na kituo cha BTS cha Nana kuna mtaa wa Waarabu, Sukhumvit Soi 3/1, mabango ya Kiarabu, nyama choma na mandi hadi usiku. Mimi nilipapenda zaidi Ban Khrua, kandokando ya ule mfereji: mtaa wa Waislamu wa Kicham, watu wenye asili ya Kambodia na Vietnam, waliowekwa hapo enzi za mfalme Rama I, yule aliyeanzisha mji mwaka 1782. Ni wafumaji wa hariri kwa asili, na msikiti upo. Kwingine ulizeni, maana nguruwe huingia hadi kwenye supu ya mboga. Som tam, saladi ya papai bichi inayopondwa kwenye kinu, mwambie muuzaji "mai phet", bila pilipili. Ataweka kidogo hata hivyo.

Aprili joto ni la kuua. Nendeni Desemba au Januari.

Na kwa kuwa shemeji ni wa Unguja, shokishoki na duriani zitamfanya ajione yuko Darajani. Hoteli nyingi zimebandika tangazo la kukataza duriani vyumbani. Atabisha. Mwambie amalizie barabarani.