Akiokotwa, aandikishwe OB, halafu atafutiwe familia

Mhariri, mmeuliza wiki hii mtoto mchanga akiokotwa ametupwa ni nani anafaa kumlea. Mi ni mlezi kwa makao ya watoto hapa Nakuru na jibu langu ni familia, tena mapema, na hiyo mapema inaanza siku ile ile ameokotwa.

Watu wakisikia mtoto analia kwa mtaro huko Rhonda ama Kaptembwo wanamchukua, wanamwosha, wanampa maziwa, halafu mama mmoja anasema wacha nikae naye ni baraka. Roho ni nzuri jamani, lakini bila kuandikisha OB, kile kitabu cha matukio cha polisi, umemfungia huyo mtoto njia, juu hiyo namba ndiyo itaulizwa na ofisa wa watoto, na korti, mpaka siku ya cheti cha kuzaliwa. Hujui pa kuanzia? Piga 116, ni bure hata usiku wa manane. Na mtu asimwite mtoto asiye na kwao, Katiba kifungu cha 14 inasema akipatikana Kenya akionekana hajafika miaka 8 na wazazi wake na uraia wake havijulikani, huyo anahesabiwa Mkenya wa kuzaliwa.

Sasa huku makao tunawapenda kabisa lakini tunaingia kwa shifti, mchana mimi usiku mwingine, wikendi mwingine tena, na mtoto wa miezi minne ameshaanza kutafuta uso mmoja. Wageni wakija Desemba na nepi na unga wanasema hawa wana tabia nzuri hawalii, kumbe wengine wameacha kulia juu wamezoea kutobebwa. Hiyo haifai kusifiwa! Sheria ya Watoto ya 2022 inaruhusu mipango ya kuasili mtoto, yaani kumfanya wako kisheria, akishafika wiki 6 na akishatangazwa rasmi kuwa huru kuasiliwa, lakini unaona mwingine anatembea, anaongea, bado anangojea barua ya polisi ya kusema wazazi wake hawakupatikana. Nani anaifuatilia hiyo barua?

Na wenye wanataka mtoto wanaogopa maneno ya ukoo, eti damu haijulikani, eti shamba litaenda kwa nani. Mtoto akiasiliwa kortini ana haki ya urithi sawa na wa kuzaa, hilo wazee waambiwe wazi. Kama hujawa tayari kuasili kuna malezi ya muda, na kwa Waislamu kuna kafala, yaani malezi ya mtoto kwa sheria ya Kiislamu. Hata mwanamke hajaolewa anaweza kuomba kuasili, bora awe ametimiza miaka 25 na hajafika 65, aende tu ofisi ya watoto ya kaunti ndogo yake aulize.