Kaki hailaumiki, wakati ndio unaokosewa

Wiki hii mmeuliza ni tunda gani la kigeni linalolaumiwa bure. Jibu langu ni kaki, ile ya rangi ya chungwa ambayo Waingereza huiita pasimoni. Anayeionja mbichi hupata ukakasi kuzidi wa bibo, ulimi ukakakamaa, na tunda likaishia jalalani. Kumbe zipo aina mbili, kila moja na wakati wake.

Fuyu ni bapa, na huliwa ikiwa bado ngumu. Hachiya imechongoka chini. Tanini yake, kemikali iletayo ukakasi, huyeyuka kwenye mate na kushikana na protini za mate hayo, ndiyo maana kinywa hukauka. Hiyo isubiri hadi iwe tepetepe kabisa, uile kwa kijiko. Una haraka? Ivundike kwenye mfuko wa karatasi pamoja na ndizi mbivu au tufaha. Wajapani hulowesha kikonyo kwa pombe kali ya asilimia 35, kisha hufungia matunda kwenye mfuko usiopitisha hewa kwa wiki moja hivi. Tanini hugandamana isiyeyuke tena mdomoni, na tunda hubaki gumu. Wakulima wa Israeli na Hispania hupata matokeo hayohayo kwa kaboni dioksaidi. Ila usiipike kaki iliyotolewa ukakasi hivyo: tanini bado imo, na moto huweza kuifungua upya.

Pasimoni ni neno la Wapowhatan, wenyeji wa asili wa Virginia, Marekani, waliokuwa na kaki ndogo ya porini. Waingereza waliliandika putchamin, na hufasiriwa kuwa tunda lililokaushwa. Nahodha John Smith, aliyefika huko mwaka 1607, aliandika kwamba ikiliwa kabla ya kuiva humpinda mtu mdomo kwa mateso. Kaki ni jina la Kijapani. Waajemi husema khormalu, tende na plamu kwa pamoja, na ukiila kavu utakubaliana nao. Jenasi yake ni Diospyros, kwa Kigiriki ngano ya Zeus. Abnusi ya Sri Lanka imo humo, lakini mpingo wetu haumo, huo ni wa jamii ya kunde.

Kwangu mimi, heshima kubwa ya tunda hili ni hoshigaki, kaki kavu ya Japani. Huchaguliwa zile zenye ukakasi, zilizokolea rangi lakini bado ngumu, kwa sababu iliyolainika haimenyeki na huanguka kutoka kwenye kamba. Wakati wa kuvuna hukatwa na kipande cha tawi juu ya kikonyo, ili kamba ipate pa kushika. Humenywa, huchovywa kwenye maji yanayochemka kwa sekunde 10 hivi kuua ukungu, kisha hutundikwa upenuni pasipo mvua, zisigusane. Baada ya wiki moja hivi nje hufanya ngozi. Hapo huanza kazi ya mikono: kila baada ya siku chache kila tunda huminywa taratibu kwa vidole ili nyama ya ndani ivunjike na unyevu utoke sawasawa. Ukiminya mapema mno ngozi hupasuka na utomvu hutiririka. Usipominya, nje hukauka na katikati hubaki majimaji. Baada ya wiki 4 hadi 6 huota unga mweupe. Huo ni sukari ya tunda lenyewe; ukungu huwa na manyoya, au rangi ya kijani au nyeusi. Kazi hii hutaka baridi na upepo mkavu. Kwenye joto la unyevunyevu kama la pwani yetu zitachacha, heri kikaushio cha umeme.

Wakorea huziita gotgam, na huzitia kwenye kinywaji kiitwacho sujeonggwa. Tangawizi na mdalasini huchemshwa kila kimoja peke yake, huchujwa, huchanganywa na kutiwa sukari. Kinywaji kikishapoa kabisa ndipo kaki huwekwa, saa chache kabla ya kunywa. Kikiwa cha moto zitavurugika, nacho kitakosa uangavu.